Mti Uliokuchosha Uani: Kuupogoa, Kuukata, au Kupanda Mwingine Kwanza?

Mkungu wa uani kwetu Tanga ulikuwa mti wa heshima mpaka mizizi yake ilipolifikia shimo la choo. Miaka nenda miaka rudi tulikaa chini yake jioni, watoto wakivunja kungu kwa mawe, na hakuna aliyeuona kuwa mzigo. Kisha ukuta wa shimo ukapasuka, saruji ya baraza ikainuka kama mgongo wa kobe, na nyumba ikagawanyika: mama hataki mti uguswe, kaka anataka uangushwe kesho alfajiri. Fundi aliyeitwa, mzee mmoja wa upande wa Pongwe, alilizunguka shina mara mbili, akaligonga kwa mgongo wa panga huku akisikiliza, halafu badala ya kutaja bei akamwuliza mama: "Bi mkubwa, huu ukiondoka, jua la saa tisa utalikimbilia wapi?"

Nilikuja kugundua kuwa hata ofisi huuliza swali hilohilo, ila wao huliandika kama sharti chini ya kibali. Anayekwenda kuomba akizungumzia mti anaotaka kuukata huambiwa njoo kesho. Anayekwenda na mti anaotaka kuupanda, na mahali atakapoupanda, mazungumzo yake huwa mafupi. Ndiyo maana nawashauri watu waanze na mche kabla ya msumeno.

Kupogoa: nafuu kwa mfuko, lakini si dawa ya kila kitu

Tawi linalokwaruza mabati, tawi lililokauka, majani yanayoziba taa ya mlangoni: haya hayahitaji kuufuta mti mzima. Kwa matawi ya kawaida ndani ya ua wako safari ya ofisini huwa fupi au haipo kabisa. Ukianza kuondoa nusu ya mti, hapo jirani atakuuliza, na mwenyekiti wa mtaa naye atauliza, na jibu la "ninapogoa tu" halitaaminika.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisema kupogoa tunamaanisha kukata kichwa. Pita mtaa wowote wa Dar au Mombasa utaikuta mijohoro iliyokatwa shingo kwa mstari mmoja, imebaki vigingi. Mti uliofanyiwa hivyo hujibu kwa kutoa machipukizi mengi yanayokimbilia juu, na kila moja limeshikilia tabaka la nje tu la shina. Miaka michache baadaye ndiyo hayo yanayovunjika upepo wa kusi ukishika kasi, na mwenye nyumba husema mti huu ni wa hatari, kumbe hatari hiyo ameinunua mwenyewe. Fundi anayejua kazi huliondoa tawi zima pale linapoungana na shina, akiuacha ule uvimbe mdogo wa shingoni, kwa sababu huo ndio unaofunga kidonda. Huanza na mkato wa chini, kisha wa juu, ili tawi likianguka lisichune ganda mpaka mzizini. Na hazidishi robo ya majani kwa mara moja. Kupaka rangi au lami kwenye kidonda ni mapambo. Mti hauponi kwa rangi.

Kupogoa hakutibu mizizi. Kama kesi yako ni ufa ukutani, sakafu iliyoinuka au bomba lililopasuka, hata ukipogoa kila mwaka utakuwa unauhudumia mti huku nyumba ikizidi kuumia. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa kwenye nusu mita au hivi ya juu ya ardhi na huenea kupita mwisho wa kivuli chake, kwa hiyo usidanganyike ukaona shina liko mbali.

Kukata na kupanda badala yake

Njia hii ina haki yake pale mti unapokuwa umekufa, unapoegemea nyumba au barabara, unapokuwa umeoza ndani, au pale unapokuwa na ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa na mti uko katikati ya sebule ya kesho. Sababu dhaifu ni majani kuchafua ua na mti kuzuia kuonekana kwa duka. Nimewahi kumsikia mtu akisema mbele ya afisa kwamba mti wake unaleta bundi. Afisa alicheka, akafunga faili.

Sababu nzuri huhitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni rahisi. Piga picha za shina, za ufa na za nyumba nzima mti ukionekana. Tafuta dalili ambazo mkaguzi ataziangalia: uyoga mgumu uliotokea kwenye kitako cha mti, ufa pale shina linapogawanyika mara mbili, udongo uliovimba upande mmoja na kupasuka upande wa pili, sauti ya ngoma unapogonga shina. Mchwa kwenye ganda la nje peke yake si ushahidi; mara nyingi wanakula magamba makavu tu na mti ni mzima.

Kosa ninaloliona sana ni kupatana na fundi bei ya kuangusha bila kusema habari ya kisiki na magogo. Mkungu, mwarobaini na mjohoro huchipua upya kutoka kwenye kisiki. Mvinje hauchipui vizuri hivyo. Kama unataka mti uondoke kweli, sema mapema kama kisiki kinang'olewa au kinabaki, na nani anabeba magogo. Fundi akikupa bei ya chini mno, jua ameshauhesabu mti wako kama kuni au mbao, na hapo ndipo karatasi ya pili inapoingia, nitakayoieleza punde.

Wenye nyumba juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata buti na kupasuka kiangazi kama ulivyo sehemu nyingi za Nairobi, wawe na tahadhari moja zaidi. Mti mkubwa ulikuwa unakunywa maji ya udongo huo. Ukiuondoa ghafla, udongo hubaki na maji, huvimba, na nyufa mpya hutokea mahali pengine. Hapo mwone mhandisi kwanza, fundi wa msumeno baadaye.

Kupanda kwanza, kukata baadaye

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na watu wachache huifikiria. Unapanda mche wa mti unaoutaka mahali pazuri masika haya, unausubiri misimu miwili ya mvua ushike, ndipo unaomba kuuondoa ule wa zamani. Kwa muda huo unaupogoa mti wa zamani kwa adabu ili usilete madhara. Faida ya kwanza ni kivuli: ua unabaki mtupu kwa muda mfupi tu. Ya pili ni kwamba unapokwenda kuomba, mkaguzi anauona mti mbadala umesimama, hana haja ya kuamini ahadi. Ahadi za kupanda zimejaa kwenye mafaili. Miti yenyewe haionekani.

Haifai kama mti ni wa hatari leo. Mti unaoweza kumuua mtu hausubiri masika. Na haifai kama kiwanja ni chembamba kiasi kwamba mche utakuwa chini ya kivuli cha ule wa zamani, kwa sababu utarefuka kama mwanzi ukitafuta jua na hautakuwa na nguvu.

Ofisi ya kwanza ni ipi? Inategemea umesimama wapi

Kenya, Katiba ya 2010 katika Ibara ya 69 imeweka lengo la miti kufunika angalau asilimia 10 ya nchi, na kazi ya kuzitekeleza sera za misitu na mazingira mashinani imepewa kaunti. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha mjini, iwe Nairobi au Mombasa, unaanza na idara ya mazingira ya kaunti: barua, picha, sababu, kisha mkaguzi anakuja kuona. Kibali kikitoka huwa na masharti ya kupanda. Shambani mambo ni tofauti kidogo. Chifu au naibu wake ndiye anayejua mpaka wa nani uko wapi, na barua yake ya kuthibitisha kwamba mti ni wako ndiyo inayofungua mlango wa afisa misitu. Na huko shambani kuna kanuni za mwaka 2009 zinazomtaka mwenye ardhi ya kilimo adumishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba. Mwenye ekari kumi ahesabu ekari moja. Ukiwa chini ya hapo, swali utakaloulizwa si "kwa nini unakata?" bali "kwa nini hujapanda?"

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja ambao bado nausikia. Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, jambo lililofikishwa mahakamani. Katika miaka hiyo watu wengi waliamini hata mwarobaini wa uani umefungiwa. Marufuku ile ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Mti wa uani una utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwepo kabla na baadaye.

Tanzania Bara, sheria mama ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulianzishwa 2010. Lakini mtu wa mjini haanzii TFS. Anaanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anapanda kwa mtendaji, anafika kwa afisa mazingira au afisa misitu wa halmashauri, kwa sababu halmashauri nyingi zina sheria ndogo zao. Tofauti na Kenya ni kwamba ngazi ya mtaa ina uzito mkubwa zaidi: mwenyekiti akikukatalia barua, juu huko hutasikilizwa, na mwenyekiti akikuandikia barua nzuri, nusu ya kazi imekwisha. Kwa hiyo usimruke, hata kama unamjua mtu wilayani.

Kijijini, mti uliopanda mwenyewe ni mali yako na ofisi ya kijiji inathibitisha hivyo. Mti wa asili ulioota wenyewe ni habari nyingine. Mninga, mpingo, mvule, mkongo: ukiukuta mmoja wa hii shambani mwako, usiuguse kabla hujaonana na afisa misitu, hata kama babu yako ndiye aliyeuacha usimame wakati akifyeka pori.

Sasa ile karatasi ya pili. Kibali cha kukata ni cha mti uliosimama. Gogo likipanda gari linahitaji hati yake ya kusafirishia: Tanzania inatolewa na watu wa misitu na inaulizwa kwenye mageti ya maliasili, Kenya ni kibali cha kusafirisha kutoka kwa Huduma ya Misitu, KFS. Watu wengi hukamatwa hapa, tena watu waliokuwa na kibali halali cha kukata. Kama hutaki usumbufu huo, pasua kuni na mbao zako palepale uani na uzitumie hapohapo.

Zanzibar ina sheria yake ya misitu, ya mwaka 1996, na ina mti mmoja ambao hauzungumzwi kama miti mingine. Mkarafuu haukatwi bila ruhusa ya serikali. Kwa mtu wa Pemba, ambako ndiko karafuu nyingi zinakotoka, hilo halihitaji maelezo. Hata eka tatu tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuja na mikarafuu ambayo kila mmoja alijua ina jicho la serikali juu yake. Kwa mtu aliyenunua kiwanja Wete akitaka kujenga nyumba ya likizo, ni vizuri alijue kabla ya kumlipa dalali.

Kando ya mto, kaza mkanda zaidi. Tanzania, Sheria ya Mazingira ya 2004 inaweka ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Kenya ukanda wa mto huhesabiwa kati ya mita 6 na 30 kulingana na mto wenyewe. Mti ulio ndani ya ukanda huo uuache ulipo, isipokuwa wakubwa wenyewe wakuambie uuondoe, kama mwaka 2009 pale waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, alipoagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe.

Mti ulio nje ya geti si wako

Hata kama uliupanda wewe, ukaumwagilia kwa ndoo miaka mitano na kuujengea kizimba. Hifadhi ya barabara ina mwenyewe: Tanzania ni wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, Kenya ni mamlaka ya barabara husika au kaunti. Kama matawi yamefika kwenye nyaya za umeme, usimtume kijana na panga. Piga simu TANESCO au Kenya Power. Kusafisha njia ya nyaya ni kazi yao, na wao wanajua namna ya kuzima laini kabla ya mtu kupanda.

Na mti ulio ndani ya uzio nao si wako peke yako kama tunavyodhani. Mwaka 2022 huko Kilifi wenye mashamba waliuza mibuyu mizima, ikang'olewa na mizizi yake ili isafirishwe mpaka Georgia, kule karibu na Bahari Nyeusi. Mwenye shamba alikuwa ameridhika, mnunuzi alikuwa na vibali mkononi. Kelele zilipopanda, Novemba mwaka huo Rais aliagiza uchunguzi kuhusu vibali vyenyewe, kwa sababu urithi wa viumbe wa nchi una sheria zake za kutoka nje. Nairobi nako, miaka miwili kabla, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa Waiyaki Way, mkuyu mkubwa ambao Wakikuyu huuita mugumo ulinusurika kwa amri ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, iliyotolewa Novemba 2020, baada ya wanaharakati kusimama chini yake. Barabara ilibidi iuheshimu. Kwa hiyo kama uani kwako kuna mbuyu au mkuyu wenye umri wa mababu, watu watakuwa na neno juu yake, na karatasi peke yake haitatosha.

Kwa ndugu walioko ng'ambo

Wanaojenga maisha huko wana sheria za aina nyingine kabisa, na kuzilinganisha na zetu kunafundisha. Kwetu sheria ni ya jicho: mkaguzi anakuja, anautazama mti, anaamua. Toronto sheria ni ya futi kamba: mti wa kiwanja binafsi wenye shina la kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, ukipimwa mita 1.4 kutoka chini, unahitaji kibali. Uingereza, kama nyumba iko kwenye eneo la hifadhi ya majengo, hata mti wenye shina linalozidi milimita 75 tu unahitaji kutolewa taarifa wiki sita kabla, na wiki hizo zikipita halmashauri ikiwa kimya, unaruhusiwa kuendelea. Huko ukimya ni ruhusa. Usilichukue jambo hilo ukaja nalo Tanga: kwetu ukimya wa ofisi maana yake barua yako iko chini ya barua nyingine, na anayekata kwa sababu hakujibiwa amekata bila kibali.

Upande nini?

Hapa ndipo ningependa mtu atumie muda mrefu kuliko popote. Mti ukikosewa leo, mwanao ndiye atakayekwenda kuomba kibali.

| Mti | Kivuli | Mizizi karibu na jengo | Kasoro yake |
|---|---|---|---|
| Mwembe wa kubebesha | Mzuri, chini chini | Inavumilika ukiwa mbali kiasi | Wadudu, na wezi wa maembe |
| Mwarobaini | Mzuri mwaka mzima | Hushuka chini sana | Husambaa wenyewe |
| Mkwaju | Mwepesi, wa kupendeza | Imara, haing'olewi na upepo | Unakua polepole |
| Mwashoki | Haba | Haisumbui sana | Ni ukuta zaidi kuliko mti |
| Mvinje | Mwembamba | Hufaa mchangani | Hauchipui vizuri ukikatwa |

Mwarobaini nimeuweka wa pili ingawa wengi wangeuweka wa kwanza. Ni mti mgumu, unavumilia ukame, mchwa hawaupendi, na kila nyumba ina mtu anayechemsha majani yake. Lakini ndege humeza tunda na kwenda kuitapakaza mbegu, na pwani ya Kenya umeingia vichakani ukisukuma miti ya asili. Uani mjini hauna neno. Karibu na msitu, kama zile kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, chagua kitu kingine.

Mwembe wa kubebesha, yaani ule uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, ndio chaguo langu kwa familia ya kawaida. Hauwi jitu kama mwembe wa mbegu, huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu au minne, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuukataa. Nunua mche wenye alama ya wazi ya mahali ulipobebeshwa. Wauzaji wa barabarani hutia mche wa mbegu kwenye kiriba kizuri na kuuita wa kisasa. Usipouona uvimbe kwenye shina, mwambie asante uende kitalu kingine.

Mkwaju ni wa mtu mwenye subira na mwenye nafasi. Hutauona ukikupa kivuli cha maana kwa miaka mingi, lakini upepo wa kusi hautauweza. Mwashoki ule mwembamba unaosimama kama askari umejaa kwenye nyumba mpya za Dar kwa sababu unakua haraka na hauchukui nafasi. Kama ulikuwa na mkungu ukaweka mwashoki, umepata uzio, kivuli umekipoteza. Sema hivyo mapema kwa wenye nyumba wengine ili wasije wakakulaumu jua la saa tisa.

Mvinje nao una sifa ambayo haiko kwenye jedwali. Kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, ambako René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu, mvinje ndio uliokubali. Majani yake makavu hayakuwa yakioza mpaka alipoleta majongoo wayatafune, na hapo ndipo udongo ukaanza kujengeka. Kiwanja chako kikiwa ni mchanga au mawe ya matumbawe, huu ndio mti wa kuanzia, na mingine itafuata nyuma yake.

Mkungu mwingine? Sikukatazi. Unavumilia chumvi na upepo wa bahari, na kivuli chake cha matawi yaliyopangika ghorofa kwa ghorofa hakina mshindani. Ila uwe mbali na mashimo na mabomba. Mimi hutumia kipimo cha kizee: mti mkubwa ukae mbali na ukuta kwa umbali usiopungua nusu ya urefu utakaoufikia. Kama kiwanja hakikupi umbali huo, huo si mti wako.

Ningechagua hivi

Kiwanja kidogo cha mjini, mti mzima usio na ugonjwa, malalamiko ni majani na matawi: pogoa, lipa fundi anayejua, funga mjadala. Mti unaoinua sakafu lakini haujaegemea popote: panda wa pili masika haya, omba kibali baada ya misimu miwili ya mvua. Mti wenye uyoga kitakoni na ufa kwenye njia panda ya shina: nenda ofisini wiki hii na picha, na usikubali kuambiwa usubiri bila kupewa jibu la maandishi, kwa sababu likitokea la kutokea utaulizwa kwa nini ulikaa kimya.

Wapangaji, barua ni ya mwenye nyumba, si yenu. Hata mti ukiwa unawadondokea, mwandikieni yeye kwanza, na mbaki na nakala.

Wakati mzuri wa kuangusha ni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na kaskazi ikivuma kwa upole, na mashimo ya miche yachimbwe wakati huohuo yajazwe samadi, ili masika ikifika Machi kazi iwe ni kupanda tu. Anayeangusha Juni katikati ya kusi anawatafutia majirani matatizo.

Sisi nyumbani tulifuata njia ya tatu. Mwembe dodo wa kubebesha ulipandwa upande wa machweo, mita kumi kutoka ukutani, na shimo la choo likahamishwa. Masika ya pili ilipopita mwenyekiti wa mtaa alikuja, akauona mwembe, akaandika barua akiwa amekaa palepale barazani. Mkungu uliangushwa Februari. Kisiki tulikiacha kwa sababu kukichimba kungeharibu ukuta uliokuwa umeshatengenezwa, na fundi alimwonya kaka kwamba kitachipua, akikate kichipukizi kila kinapojitokeza. Aprili vikatoka vitano. Kaka akavikata. Mei vikatoka tena, vinene zaidi, na safari hii akagundua kwamba udongo kuzunguka kisiki ulikuwa na unyevu kila asubuhi, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Alimwuliza mama kama anajua chochote. Mama akasema huenda ni umande.